Kambare wa Heshima

Jumapili moja, uwele umeshaingia ghalani na mto umebaki madimbwi, nilishindwa kufunga vifungo vya gauni langu la kanisani. Vidole naviona, viko pale pale, lakini nikiviagiza haviendi. Nikamwita Rebeka, mke wa mwanangu Elia, aje anifunge. Akaja anacheka. "Mama leo bibi harusi," akasema, "unavalishwa." Nikacheka na mimi. Tukaenda ibada, nikaimba, nikarudi nyumbani nikala. Ugonjwa wangu uliingia hivyo, kwa kicheko.

Naandika haya sasa kwa sababu kalamu imekubali tena kukaa mkononi. Shule ya watoto sikwenda. Kusoma nilifundishwa ukubwani, kisomo cha watu wazima, mimi na Raheli na Mwanaidi na marehemu Tabita, mwalimu wetu akiwa Petro mwenye baiskeli. Kwa hiyo anayesoma anivumilie. Elimu yangu ni majina. Mtu akishanitajia jina lake halinitoki, na hata ugonjwa huu uliochukua mengi, majina uliniachia. Nimeandika kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye mto kama wetu, ambaye mdomo wake umeanza kuwa na ladha ya chuma kama amelamba jembe, na watu wa nyumbani wanaanza kunyamaza akiingia. Najua mahali alipo. Nimetoka huko.

Kwetu ni Iramba, chini ya milima. Mto wetu hauna maji mwaka mzima. Kifuku kikishika unashuka kwa kelele na magogo. Kiangazi unabaki mchanga, na kwenye kona zake madimbwi ya tope. Kambare anayaweza maisha hayo. Maji yakiisha anajichimbia kwenye tope, anatulia kama mtu aliyefiwa, anangoja mvua. Na sisi tunajua anapojificha. Tangu nikiwa msichana, wanawake tulishuka na majembe mvua ikiwa bado mbali, tukachimba tope, tukamtoa. Huyo wa kwenye tope ndiye mwenye mafuta.

Juu ya mto, mwendo wa asubuhi moja, kuna mialo. Mwalo ni mahali vijana wanaposafisha udongo wa mgodi ili wapate dhahabu. Wanausaga kwa karasha mpaka unakuwa unga, wanauosha, kisha wanachanganya na zebaki, ile inayong'aa na kuteleza, inayoikamata dhahabu hata ikiwa vumbi. Maji ya kuoshea yanarudi mtoni. Elia amefanya kazi huko tangu mtoto wake wa kwanza, Joshua, yuko mgongoni. Mabati ya nyumba ninayolala yametoka mwaloni. Kwa hiyo sikai hapa kuutukana.

Miaka hii ya karibuni kambare wakaanza kuwa wapole. Zamani ukimgusa anaruka, anakuchoma kwa miiba ya mapezi, unarudi nyumbani na damu. Sasa unamchota kwa mikono kama unachota maharage. Wengine walielea upande upande juu ya dimbwi mchana kweupe, kinywa wazi. Wengine walikuwa na kichwa kikubwa na mwili mwembamba kama mkia wa ng'ombe. Na sisi tulipowaona hivyo tulisema nini? Tulisema Mungu ametuonea huruma wanawake tulioishiwa nguvu. Raheli akasimama kwenye tope, ameshika kambare anayemtazama tu, akasema, "Siku hizi hata kambare ameokoka." Tukacheka mpaka Mwanaidi akakaa chini na gauni lake zuri.

Nyumbani kwetu mkubwa anapewa kikubwa. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Samaki akija, wale wadogo ni wa watoto, wa kati ni wa wazazi wao, na yule babu yao mwenye ndevu ndefu, aliyekaa kwenye tope miaka na miaka, huyo ni wa bibi. Rebeka hakusahau hata mara moja. Alinipikia peke yangu kwenye chungu kidogo, bila pilipili kwa sababu ya fizi zangu, mpaka kichwa kinalainika, akaniletea amepiga magoti. "Karibu mama, kambare wako wa heshima." Na mimi nililamba mpaka mifupa.

Baada ya vifungo, ikaja habari ya moto. Niliipua chungu jikoni kwa mikono mitupu, nikakibeba hadi kwenye kigoda, nikaona Rebeka ananitazama kwa hofu. Viganja vilikuwa vimeungua na mimi sina habari. Kisha nikashindwa kupepeta. Ungo nimeushika tangu nikiwa na meno ya utotoni, lakini siku hiyo mtama ulimwagika wote chini na kuku wakafanya sherehe. Miguu nayo ikawa inakanyaga mahali ambapo sikuituma. Nikipita njiani watoto wa jirani yetu Yeremia wanasema, "Bibi Joshua kaanza mtukuru." Mimi, ambaye pombe ile ya mtama naisikia harufu tu kwa jirani. Macho yakawa yananionyesha cha mbele peke yake, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Anayekuja kwa ubavuni simwoni mpaka anigonge.

Rebeka akaona mama mkwe anaisha. Akafanya ambalo mke mwema yeyote wa kwetu angefanya: akaongeza supu. Alikwenda mwenyewe mtoni, akachagua kambare wakubwa kuliko wote, akanikaushia wengine juu ya moto ili hata mvua ikija nisikose. Kila nilivyotetemeka, ndivyo bakuli lilivyojaa. Nami kila nilivyomaliza bakuli ndivyo nilivyotetemeka. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Wewe ungeunganisha?

Kwenye zahanati, nesi Agripina alinishika mikono, akanitembeza kutoka mlangoni hadi dirishani, akasema, "Bibi, hii si malaria na si uzee. Nendeni mkoani." Lakini mvua ilikuwa imeanza, watu wako shambani. Tukasema tutakwenda mbegu zikishaingia ardhini.

Alizeti ilipochanua, akaja binti yangu Mariamu, aliyeolewa Singida mjini, anakaa Utemini. Alinikuta nakunywa chai, nusu kikombe mdomoni na nusu kwenye kitenge. Alisubiri nimalize, akanipangusa, ndipo akauliza.

"Mama, kuna mwingine hapa nyumbani anayetetemeka?"

"Hakuna."

"Watoto?"

"Wazima."

"Elia?"

"Mzima. Wote wazima, mwanangu."

"Na chakula mnakula chungu kimoja?"

Joshua, na mtoto hana siri, akasema, "Bibi ana chungu chake."

Mariamu akainuka akatoka uani. Mimi nikabaki kwenye kigoda, lakini masikio wakati huo bado yalikuwa yangu.

"Wifi, hebu nionyeshe hicho chungu cha mama."

"Hicho hapo, wifi."

"Kwa nini apikiwe peke yake?"

"Si ndiyo heshima yake?"

"Heshima gani inayomfanya mtu ashike moto asisikie?"

Elia akafika kutoka mwaloni, vumbi mpaka kwenye kope. Akasikia neno lililofuata, nami nikalisikia, na jirani Yeremia akalisikia, kwa sababu Mariamu hakulisema polepole. Alimwita wifi yake mchawi. Alisema anamla mama yake kwa kijiko.

"Mariamu," Elia akasema, "huyo ni mke wangu."

"Na huyu ni mama yako. Mke utapata mwingine."

Nilijaribu kusimama. Miguu ikakataa. Nikasema, "Mariamu, acha," lakini ulimi wenyewe ulikuwa mzito, neno likatoka kama la mlevi, na yeye akaona hiyo nayo ni dalili. Rebeka hakulia. Alikiosha chungu kile, akakifunika chini karibu na mafiga, akamfunga mtoto mdogo mgongoni, akamshika Joshua mkono, akaondoka kwenda kwa wazazi wake Mkalama. Elia alisimama katikati ya uwanja kama mti uliopigwa radi. Hakumzuia na hakumsindikiza. Yeye mwenyewe alikuwa anapiga hesabu ile ile: wote wazima, mmoja mgonjwa, na mgonjwa ndiye mwenye chungu chake.

Mimi sikuamini.

Mariamu akanichukua Utemini. Nataka niseme wazi, maana mtu anaweza kumwona mbaya: binti huyu alinibeba. Aliniogesha, alinikata kucha, alinilalisha kitandani kwake na yeye akalala kwenye mkeka. Alinipikia ugali na mlenda na kuku. Samaki hakupika, mumewe Ramadhani hapendi harufu yake. Na baada ya wiki kadhaa ile ladha ya chuma ikaanza kupungua mdomoni. Nikamwambia kwa furaha. Laiti ningejua.

"Umeona, mama?" akasema. "Umeacha chakula chake, ugonjwa unaacha. Unataka ushahidi gani tena?"

Siku hiyo nilisali kwa muda mrefu kuliko siku zote. Kupona kwangu ndiko kulikokuwa kunamfukuza Rebeka. Nilimwomba Mungu aniponye, nikaogopa kuponywa.

Hospitali tulikwenda alizeti inainamisha vichwa. Benchi la kungojea ni refu, limeng'arishwa na makalio ya watu wengi. Nawakumbuka wote wa siku ile: Selemani mwenye mguu, Bi Anastazia na mjukuu wake Furaha, dereva Hamisi aliyekuwa anasinzia, na pembeni yangu Zaituni wa Kintinku, Mgogo, mwenye shuka begani na maneno mengi kuliko redio. Yeye alikuja kwa ajili ya figo. Alinitazama mikono inavyocheza, akasema, "Shoga, unapiga ngoma gani hiyo? Niambie niinuke nicheze."

Nikasema, "Napiga ya Kinyiramba, hutaiweza."

"Ninyi mnaweza nini? Mnachimba samaki kwenye tope kama viazi. Sisi tuna ng'ombe."

"Mnao wa kutazama. Kuchinja hamchinji."

Akacheka mpaka nesi akatutazama. Tangu siku ile Mariamu aliponipangusa chai, nilikuwa sijataniwa na mtu. Watu walikuwa wananitazama kama maiti inayozungumza. Zaituni alinitazama kama Mnyiramba. Kila tulipokutana pale benchi baadaye, alinipa nafasi upande wa ukuta ili niegemee. Mungu amtunze na figo zake.

Daktari aliyetupokea aliitwa Halima. Msichana mdogo, lakini aliinama akasema shikamoo kabla ya kugusa faili. Akanipiga goti kwa nyundo ndogo, akanifumbisha macho, akaniuliza ananigusa wapi. Nikawa nakisia tu. Kisha akamgeukia Elia, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nachenjua dhahabu. Mwaloni."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Na maji ya mwalo yanakwenda wapi?"

"Mtoni."

"Na mtoni mnapata nini?"

Nikajibu mimi, maana swali lilikuwa jepesi. "Kambare, mwanangu. Siku hizi ni wengi na ni wapole sana. Unawaokota."

"Nyumbani nani anakula yule mkubwa zaidi?"

Nikacheka. Msomi mzima anauliza jambo la jikoni. "Si mimi? Mimi ndiye mkubwa wa nyumba."

Yeye hakucheka. Alisema anaomba nywele zangu kidogo, za kisogoni, zipelekwe Dar es Salaam zikapimwe. Mariamu akashtuka, akamshika mkono kabisa. "Nywele za mama zinakwenda wapi?" Kwetu nywele za mtu mzima haziachwi zikazurura. Nikamwambia mwanangu mwache akate. Nywele hizi nyeupe hata mchawi hazitaki. Nilipotoka Zaituni alinitazama kisogo akasema, "Wamekunyoa ukiwa hai?"

Tulingoja majibu hadi mtama unavunwa. Siku tuliyoitwa tulikwenda watatu, mimi na watoto wangu. Daktari Halima alieleza kwa Kiswahili chepesi, na mimi nitaeleza kilichobaki kichwani mwangu. Zebaki inayomwagika haiondoki na maji. Inakaa kwenye tope. Humo kwenye tope inageuka ikawa mbaya zaidi, inaingia kwa wadudu, wadudu wanaliwa na samaki, na samaki haitoi, anaiweka mwilini. Ndiyo maana kambare wale walikuwa wapole na wengine wanaelea kombo: walikuwa wagonjwa kama mimi. Kambare wa mwaka mmoja anayo kidogo. Kambare mzee, aliyelala kwenye tope lile viangazi vingi, anayo ya miaka yote hiyo. Na huyo ndiye aliyekuwa analetwa kwangu kila mara, peke yangu, kwa magoti.

Mariamu ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo kweli ni chungu kile."

"Ni samaki wa mto," daktari akasema. "Ungekuwa wewe, dada, ungepika huyo huyo. Ungemchagulia mama mdogo?"

Mariamu akafunika uso kwa khanga.

Elia alikuwa anatazama viganja vyake. "Basi ni mikono hii," akasema.

Nikamwambia, "Mikono hiyo iliniezekea nyumba. Usiitukane mbele yangu." Lakini najua hakunisikia, na mpaka leo kuna siku namkuta anavitazama.

Matibabu yalikuwa vidonge kwa awamu, unameza, unapumzika, unapimwa, unarudia. Awamu ya kwanza nilitapika na kulala. Ya pili tumbo likazoea. Ila kilichonitibu zaidi, daktari mwenyewe alisema, ni kuacha samaki yule. Halafu kulikuwa na Gaspari wa mazoezi ya viungo, mwenye mikono laini kama ya mkunga. Alinimwagia mbegu za alizeti kwenye sahani akasema niziokote moja moja. Mara ya kwanza niliangusha sahani. Nikalia. Gaspari akaziokota zote chini, akamwaga tena, akasema, "Bibi, mimi nalipwa hata ukiangusha mpaka jioni." Sasa naziokota. Kidole kidogo cha kushoto kimegoma na macho ya ubavuni hayajarudi, na mtaalamu mmoja aliniambia huenda yasirudi. Nikiwa njiani nageuza kichwa kama kuku. Naona vya kunitosha.

Baadaye watoto na Elia nao walipimwa. Hawakuwa safi kabisa, lakini waliambiwa wakiacha samaki wale miili yao itajisafisha. Wadogo walikula wadogo, heshima haijawafikia.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nakuomba kidogo tu. Ukisikia ladha ya chuma, vidole vikifa ganzi, usianze kwa kumtafuta mchawi, anza kwa kuutazama mto wako. Kama samaki anakungoja umkamate, mwache. Mwambie daktari unachokula, na sehemu gani ni yako, hata kama unaona ni jambo la jikoni. Mwenye mimba akae mbali kabisa na samaki wa namna hiyo. Na aliyekaa na mgonjwa asichoke; anaongea kama mlevi lakini ndani yuko vile vile. Kwetu watu wa vipimo walikuja wakachota tope kwenye chupa na kuchukua kambare, na Elia na wenzake sasa wamechimba bwawa la maji ya kuoshea mbali na mto. Si wote waliokubali. Wengine wanasema bibi mmoja hawezi kufunga mto. Mimi sifungi mto, nasimulia.

Lakini kulibaki Rebeka.

Mariamu alimpigia simu siku ile ile ya majibu, akiwa bado uwanjani hospitali. Aliweka sauti kubwa nisikie. Alieleza yote, akasema amekosa, akasema rudi nyumbani wifi yangu. Upande wa pili mtoto analia kwa mbali. Kisha Rebeka akasema, "Nashukuru umenitoa uchawi, wifi. Lakini chungu kilikuwa changu. Sitampikia mama tena. Siwezi." Akakata.

Hilo hatukulitegemea. Tulidhani tukimwondolea jina baya atarudi. Kumbe tulimwondolea jina tukampa jambo la kweli, nalo lilikuwa zito kuliko uongo.

Elia akataka kumtuma mzee Yakobo na mwenzake, maana kwetu mama mkwe haendi mwenyewe kumfuata mke wa mwanawe. Wanatumwa wazee, wanazungumza kwa mafumbo, wanarudi. Nikasema wazee hao hawakula supu ile, watazungumza nini? Nitakwenda mimi. Gaspari akasema nisafiri polepole. Tukasafiri polepole, mwezi ule wa upepo, mimi na Mariamu na Elia aliyebeba jogoo, hadi Mkalama kwa mzee Simoni na mama Dorka, wazazi wa Rebeka.

Mzee Simoni alitupokea kwa heshima ya baridi. Tukapewa viti ndani ya tembe. Mariamu hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Nilimwita wifi yangu mchawi mbele ya mumewe. Nilikosa."

"Marahaba," mzee akasema. "Mbele ya mumewe tu? Habari hiyo ilifika hapa kabla ya mwanangu mwenyewe."

"Basi nitaisahihisha kila ilikopita, baba. Nitaanza kwa Yeremia jirani yetu."

Mzee akamtazama sana. "Kaa kwenye kiti," akasema. Ndiyo yote aliyosema.

Nikaomba nioneshwe jikoni. Rebeka alikuwa amechutama mbele ya moto, amekonda. Aliposikia hatua zangu, hatua zile za kukanyaga hovyo, aligeuka, akanifuata haraka asije akaniona nikianguka, akanishika kiwiko. Mkono ulitangulia moyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Joshua."

"Mama, wifi alikuwa karibu kusema kweli. Mimi nilikuwa nachagua. Nageuza beseni zima namtafuta yule mkubwa."

"Ulikuwa unachagua heshima."

"Heshima ilikuwa inakuua."

"Na mimi nilikuwa nalamba mifupa nikishukuru. Basi tulikuwa wawili."

Akashindwa kujizuia, kicheko kikatoka na machozi pamoja. Akauliza kama Elia amekuja. Nikamwambia yuko nje, ameshika jogoo, hajui pa kumweka, na hakuna aliyemsaidia. Akachungulia mlangoni akamwona, akarudi kwenye moto bila kusema atarudi au hatarudi.

Mama Dorka akamwamuru apakue. Ulikuwa ugali wa uwele na mlenda. Rebeka akatunawisha, akaweka sahani na bakuli katikati, mbele yangu. Kisha akafanya jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyetaka kuliona. Kwetu mtu akishasemwa kwa habari ya chakula, siku akipika tena huonja kwanza mbele ya watu, ili macho yao yatulie. Akakata tonge dogo. Mariamu akainamisha kichwa. Elia akatazama paa. Mzee Simoni alikuwa ananitazama mimi.

Tonge la Rebeka halijafika kwenye mlenda, nikapeleka mkono wangu, ule wa kulia, ambao bado unatetemeka ukiharakishwa. Nikakata kipande, nikachovya kabla yake, nikapeleka mdomoni. Nusu ilifika. Nusu ya mlenda iliteleza kidevuni, ikashuka kwenye gauni mpaka magotini, na mlenda unajulikana ulivyo, haukatiki. Joshua akacheka wa kwanza. Halafu mama Dorka. Rebeka akaacha tonge lake, akachukua upande wa khanga yake akanifuta kidevu, akanifuta gauni, polepole, kama zamani.

"Mama, umenitangulia," akasema.

"Nina njaa, Mama Joshua," nikamwambia. "Nimetoka mbali. Nikatie jingine, wewe ndiye unayejua saizi yangu."

Akanikatia.